Mama Nazari Mmoja Tu

Barakoa ilimpunguzia Restituta miaka ishirini, naye hakuwa mtu wa kurudisha kitu alichopewa bure.

Ilikuwa barakoa ya kitenge cha maua mekundu, aliyoishona kwa mkono baada ya padre wa kijiji chao cha Mapera kutangaza kwamba asiyeziba pua haingii kanisani. Akiisha kuifunga na kujitanda khanga mpaka kwenye nyusi, yalibaki macho mawili tu, na macho ya Restituta hayakuwahi kuzeeka. Yalikuwa bado yanatafuta mtu wa kumcheka. Asubuhi ile ya Julai, baridi ya Mbinga ikiwa imewafanya watu wote pale kwenye geti la hospitali waonekane kama magunia yaliyoota miguu, alimpata wa karibu kabisa, mke wa mwanawe.

"Umembeba vibaya huyo mtoto," alisema. "Huko kwenu Lipingo mnabeba watoto kama mnavyobeba samaki?"

Loveth aliinamisha sikio tu. Mtoto alikuwa kifuani kwake, si mgongoni, ili amsikie anavyopumua. Alikuwa wa miezi tisa, na mbavu zake zilikuwa zikibonyea na kuvimba kama mfuko wa nailoni unaopulizwa na mtu mwenye haraka. Urban, baba yake, aliwashusha hapo kwa pikipiki akageuza papo hapo kwenda kulinda kahawa iliyoanikwa, maana mwaka huo wezi walikuwa wanachagua vichanja vya waliouguliwa.

"Ungebaki nyumbani usingekuwa na haja ya kunyamaza," Restituta aliendelea. "Ukashuka ziwani kwenye msiba, ukarudi na dagaa wa usipa kwenye ndoo na korona kwenye pua. Usipa tumekula. Korona umempa mwanangu."

"Msiba ulikuwa wa shangazi yangu, mama."

"Nimesema ulikuwa wa nani?"

Mtoto aliitwa Nazari, na ugomvi wao wote ulikuwa umelala juu ya jina hilo. Mwana wa kwanza wa Restituta naye aliitwa Nazari. Alishuka Mbamba Bay kununua samaki wa kuuza, mtumbwi ukapinduka, ziwa likamrudisha maiti, akazikwa hukohuko ufukweni. Jina halikuzama. Mapera nzima iliendelea kumwita Restituta Mama Nazari, na Urban alipopata mtoto wa kiume, Restituta alikwenda parokiani wenzake wakiwa bado wamelala akaliandikisha jina lilelile. Loveth alikuwa ametaka Henry, kwa baba yake. Akajibiwa kwamba Henry akazaliwe Lipingo.

Sasa, mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake. Lakini kwenye ua ule nafasi ya Mama Nazari ilikuwa na mwenyewe, mzima, na meno yake anayo. Kwa hiyo Loveth akaitwa Mama Mtoto. Mtoto gani, hakuna aliyeuliza.

Hospitali yenyewe ilikuwa imepinduliwa ndani nje. Kwenye wodi ya watoto ya siku zote, ile yenye tembo na twiga ukutani, walikuwa wanalala wanaume wazima wenye korona, wakikohoa chini ya twiga. Watoto walihamishiwa kwenye ukumbi wa mikutano. Kliniki ya kupima uzito ilipelekwa uwanja wa mpira, mizani ikaning'inizwa kwenye goli, na kila asubuhi kinamama wa huko walisimama mbalimbali kama mabeki waliogombana. Hapo getini palikuwa na ndoo za kunawia, hema mbili, na mlinzi aliyeitwa Frederick, ambaye alikuwa amepewa spika ya mkono na tangu siku hiyo hakuongea tena kama watu wengine.

"Wenye kikohozi hema la kushoto. Wasio na kikohozi kulia. Mtoto mmoja, mama mmoja. Si shangazi, si bibi, si jirani mwema. Anayeingia hatoki mpaka mtoto atoke."

"Na kama nataka kupokezana na dada yangu?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Mwezi uliopita walipokezana kama zamu ya kisimani. Wodi nzima ikalala kitandani, manesi wakiwemo. Hakuna kupokezana."

Kwenye hema la kushoto alikuwepo muuguzi Ambokile, mtu wa Rungwe aliyehamishiwa Mbinga kabla ya ugonjwa na akawa hajapata hata nafasi ya kuizoea baridi. Alikuwa na barakoa, na juu ya barakoa karatasi ya plastiki inayofunika uso mzima, ikiwa na ukungu wa pumzi zake. Aliinua shuka la Nazari, akamwangalia mbavu, wala hakumaliza kusikiliza.

"Huyu anaingia sasa hivi kwenye oksijeni. Anaitwa nani?"

"Nazari," walijibu wote wawili.

"Mama yake anawe, avae barakoa, asubiri aitwe." Akamchukua mtoto mikononi mwa Loveth akaondoka naye nusu anakimbia.

Loveth alipapasa shingoni. Barakoa yake ilikuwa imepeperushwa na upepo wa pikipiki, imebaki huko kwenye kona za mlima.

"Mama, niazime hiyo yako."

"Hii ina mate yangu. Unataka kumpelekea mtoto mate ya mzee?" Ilikuwa sababu safi kabisa ya kiafya, na Restituta mwenyewe alishangaa ilivyotoka upesi. "Ng'ambo ya barabara yuko fundi cherehani anauza. Nenda. Jina nitalisikiliza mimi."

Loveth alimtazama yale macho mawili. Halafu akakimbia.

Restituta hakuwa amepanga kitu. Angeapa hivyo mbele ya askofu. Lakini juzi yake, Loveth akiwa shambani anachuma kahawa, yeye alikuwa amechemsha nyungu ya majani ya mlingoti, yaani mkaratusi, akamfunika mtoto blanketi juu ya mvuke ili amtoe ugonjwa wa ziwani. Mtoto alitoka mwekundu, hana sauti. Loveth aliwakuta hivyo, na tangu hapo hakusema neno, na mtu asiyesema neno nyumbani atalisema mbele ya daktari. Hilo Restituta alikuwa analijua.

"Mama Nazari," spika ikaita. "Mama Nazari aingie."

Akasimama. Alikuwa ameitika jina hilo miaka yote, angeitikaje jingine?

Frederick alimwangalia khanga, akaangalia maua mekundu, akamnyunyizia dawa mikononi. "Pita, dada," alisema.

Dada. Restituta alipita akitembea kidada.

*

Ndani, mistari ya plasta nyekundu ilikuwa imebandikwa sakafuni kuonyesha kila mtu mwisho wake. Vitanda vilikuwa vichache na viko mbalimbali. Nazari alikuwa amelala kifudifudi nusu, mipira miwili myembamba imeingia puani, na mtungi mkubwa umesimama kando kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Ambokile aliuliza bila kuinua kichwa. "Ameanza lini kubanwa?"

"Tangu mama... tangu nilipotoka msibani."

"Mmempa dawa yoyote nyumbani?"

"Hakuna."

"Hamjamfukiza? Huku kila mtoto ninayempokea amefukizwa kama samaki."

"Sisi ni Wakatoliki, daktari."

Muuguzi huyo, aliyekuwa na watoto wengine wanaomngoja, hakuona kwamba hilo halikuwa jibu. "Anahitaji kunyonya. Kidogokidogo, mara kwa mara. Akikauka maji, oksijeni haitamsaidia." Akahamia kitanda kingine.

Restituta alikaa na mtoto mapajani. Nazari aligeuza kichwa, akafungua mdomo, akautafuta mwili wa bibi yake kwa pua, hapa, na hapa, na hapa. Akapata khanga. Akailamba, akalia kilio kisicho na sauti.

"Si umpe," alisema mama wa kitanda cha pili. Aliitwa Beata, mtu wa Litumbandyosi, mpana, na mtoto wake alikuwa amepona kiasi cha kurusha kijiko. "Mtoto anataka ziwa."

"Ziwa limeshakula mmoja wangu, usilitaje kwa huyu."

"Nasema ziwa la mama. La kifuani."

Restituta akakaza khanga kifuani. Kisha akasema, "Yamekauka kwa mshtuko."

Beata alimwangalia mikono, maana barakoa haifuniki mikono. "Mshtuko wa mwaka gani?"

"Wewe lea wako."

"Wangu ananyonya. Hilo lako, mama yangu, halina maziwa, lina kumbukumbu."

Saa ya uji Ambokile alileta maziwa ya kopo kwenye kikombe. Nazari aliyatema. Muuguzi akajaribu kijiko, yakarudi kupitia puani pamoja na mipira. Akaacha, yasije yakampalia. "Akishindwa kunyonya mpaka jioni itabidi tumpeleke Songea," alisema. "Na gari la wagonjwa lenye hewa limeshaondoka na mwingine. Endelea kumpa, mama."

*

Dirisha lilikuwa linatazama uzio. Restituta alimsikia Loveth kabla hajamwona.

"Mimi ndiye Mama Nazari."

"Mama Nazari yuko ndani," spika ya Frederick ilijibu, ingawa mtu mwenyewe alikuwa amesimama hapohapo mbele yake. "Nimempitisha mimi."

"Yule ni mama mkwe wangu."

"Mwanzo mlikuwa mama mmoja, sasa ni mama na mama mkwe. Tukiendelea hivi tutafika kwa balozi wa nyumba kumi. Kaa kwenye benchi, dada."

Benchi likacheka. Walikuwepo watu wa Mapera kwenye benchi lile, kwa hiyo kicheko kingefika nyumbani kabla yao.

Loveth alizunguka uzio mpaka chini ya dirisha. Barakoa mpya ilikuwa usoni, ya bluu, imekaa upande. Kifuani blauzi yake ilikuwa na madoa mawili ya majimaji, yanapanuka.

"Mama, toka."

"Anayeingia hatoki. Hukusikia spika? Hata walioko Lipingo wamesikia."

"Amenyonya nini tangu asubuhi?"

"Kuna maziwa ya kopo."

"Hanywi ya kopo. Unajua hanywi. Mwambie daktari wewe ni nani."

"Mimi ni Mama Nazari." Restituta aliegemea wavu wa dirisha. "Na wewe unataka kuingia umwambie nini? Kwamba mama mkwe wako ni mchawi wa nyungu?"

Loveth alisogea chini ya wavu. "Kumbe ni hilo," alisema taratibu. "Unaogopa nitasema."

"Simwogopi mtu anayekula dagaa na vichwa vyake."

"Basi nitakamua, umpe."

Akaenda nyuma ya hema na kikombe cha kuazima. Aliporudi, alikuwa amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba moto. Restituta aliona kila kitu kutoka dirishani: Frederick akiinua kiganja, kitu cha nje hakiingii wodi ya kikohozi, si chakula, si nguo, si maziwa, hata yawe ya malkia, Loveth akimsogezea kikombe aone ni maziwa ya mtu, Frederick akigeuza uso kwa aibu, spika ikimponyoka mkononi, watu wa benchi wakitazama viatu vyao. Loveth alisimama na kikombe mpaka maziwa yakapoa. Halafu akainama, akayamwaga kwenye mfereji wa ndoo za kunawia, polepole, asimrushie mtu.

Restituta aliondoka dirishani. Alijiambia anakimbia upepo.

Nazari alikuwa ameacha kutafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Mdomo ulikuwa mkavu, umefunguka kidogo, na alipomgusa shavuni hakugeuka. Restituta aliwahi kuona uso wa namna hiyo, mkubwa zaidi, ukiwa umelazwa kwenye mchanga wa Mbamba Bay, na watu wamemzuia asiukaribie.

"Mwambie," alisema Beata. Safari hii hakuwa anacheka. "Au nimwambie mimi."

"Wewe mdomo wako mrefu."

"Mrefu. Nihesabu mpaka ngapi?"

Restituta alimwita muuguzi mwenyewe. "Daktari. Mimi sina maziwa."

"Ulisema mshtuko."

"Sina tangu baba wa huyu alipoacha kunyonya."

Ambokile aliinua plastiki usoni, jambo ambalo hakuruhusiwa, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani?"

"Mama Nazari."

"Nazari yupi?"

"Wa kwanza."

"Na yeye yuko wapi?"

"Ziwani."

Ambokile alidhani ni mvuvi. "Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, mbaya kuliko ya kupiga kelele, "umekaa hapa mchana kutwa unatazama mtoto anakauka, kwa ajili ya jina?"

Restituta alielekeza kidole dirishani, kwa yule mwenye madoa mawili kifuani.

*

Matroni wa hospitali aliruhusu wabadilishane, mara moja tu, kwa sharti kwamba anayetoka hatarudi tena. Ambokile akamsindikiza Restituta mpaka kwenye kamba ya getini, Restituta upande wa ndani, Loveth upande wa nje. Benchi likanyamaza vizuri sana ili lisipitwe.

Frederick alikuwa ameumwa na mambo ya siku hiyo, na mlinzi aliyeumwa hushika sheria kwa meno. "Mimi nimepitisha Mama Nazari. Siwezi kupitisha Mama Nazari mwingine juu yake, kesho niulizwe. Semeni wenyewe. Nani Mama Nazari?"

"Amesema matroni..." Ambokile alianza.

"Nimewauliza wao, daktari."

Loveth alimtazama tu mama mkwe wake, madoa ya blauzi yamefika kiunoni. Alikuwa ameshasema asubuhi, akachekwa.

Watu wa Mapera walisogeza shingo. Restituta aliwaona wote: mke wa katekista, yule wa duka la mbolea, na mmoja aliyekuwa na ugomvi naye tangu zamani. Alishusha barakoa mpaka kidevuni. Miaka yake ishirini ikarudi mahali pake kwa mara moja.

"Mama Nazari ni huyu," alisema.

"Sijasikia," alisema Frederick, na kweli hakuwa amesikia.

"Spika ni ya kwako, masikio pia ni ya kwako. Nimesema Mama Nazari ni huyu hapa. Huyu wa Lipingo. Mimi ni bibi tu."

Kamba ikainuliwa. Loveth alipita, bega kwa bega, bila kumgusa. Restituta akasema nyuma yake, "Na mwambie daktari tulimfukiza."

Loveth akasimama. "Tulimfukiza?"

Ambokile alikuwa hapohapo anasikia. Benchi lilikuwa hapohapo linasikia.

"Nilimfukiza," alisema Restituta.

Loveth akaanza kukimbia.

*

Jioni ukungu ulishuka kutoka milimani ukafunika goli na mizani yake. Waliotoka wodi ya kikohozi walikuwa na benchi lao peke yao, ng'ambo ya ndoo, na siku hiyo aliyetoka alikuwa mmoja. Watu wa Mapera walimpungia mkono kutoka mbali, na afadhali wasingempungia.

Frederick alimjia bila spika. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Asubuhi hukuniamkia."

"Asubuhi ulikuwa binti."

"Na wewe asubuhi ulikuwa na macho."

Alitaka kujua amwite nani, maana zamu ya usiku ingehitaji kumjua mtu wa benchi lile, wasije wakamfukuza. Restituta alifungua mdomo ukabaki wazi. Lililozoea kutoka lilikuwa limetolewa getini mbele ya watu. Alilitafuta lingine, lile la ubatizo, ambalo mumewe alikuwa wa mwisho kulitumia.

"Restituta."

Lilitoka na harufu ya sanduku.

Mara spika ikaita kutoka ndani, mikononi mwa mtu wa zamu ya usiku. "Mama Nazari. Mama Nazari asogee mlangoni apokee uji wake."

Magoti ya Restituta yalinyooka kabla kichwa hakijapewa taarifa. Alikuwa ameshasimama, ameshapiga hatua, alipomsikia mwingine huko ndani akiitika, "Abee." Alikung'uta khanga kama mtu aliyesimama kwa ajili ya kukung'uta khanga. Akakaa.

Baadaye kidogo dirisha la ukumbi lilifunguka. Mwanga ulikuwa nyuma ya Loveth, uso haukuonekana, ila kwenye bega lake palikuwa na kichwa kidogo na mipira yake miwili.

"Bibi Nazari," aliita.

Restituta alimsikia vizuri. Alikuwa ameandaa maneno tangu alasiri: moja la usipa, moja la barakoa ya upande, na moja kubwa zaidi kuhusu watu wanaopewa getini kitu walichoshindwa kukipata nyumbani. Aliyapanga kwa ukali wake, akaanza na lile kubwa.

"Bibi Nazari," Loveth akarudia, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye benchi la watu wa Mapera.

"Abee," alisema Restituta.

Lilishatoka. Ameitika kama binti anayeitwa na mkubwa wake, na benchi lote limesikia. Loveth alimwacha akae na hilo. Alimwacha muda wa kutosha, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Ananyonya," alisema. Kisha akafunga dirisha.